"Tuko sawa" zimeniponza: je, kuomba nyongeza ya kumlea mtoto wa dada yangu ni tamaa?

Anti hujambo, naandika nikiwa kwa gari nje ya shule, nesi amenipigia tena, nikasema kabla niingie wacha niandike hii kitu ambayo nimekuwa nikiiahirisha tangu mwezi wa tatu. Naomba usitaje jina langu, hapa Minnesota Wakenya tunajuana sana.

Niko huku mwaka wa kumi na mbili sasa, uraia nilishapata, nimeolewa na tuna wetu wawili. Dada yangu mdogo tulimleta, akaolewa, wakaachana, halafu pombe ikamshika vile sijawahi kuona mtu ameshikwa, na siku moja polisi wakampata kijana wake peke yake kwa nyumba, sukari imepanda hadi anatapika. Ana kisukari kile cha watoto, cha sindano kila siku. Nitamuita Baraka, si jina lake. Kaunti wakamchukua na usiku huohuo wakanipigia, wewe ni ndugu, utamchukua? Sasa hapo mtu anajibu nini? Nilienda na kandambili kwa theluji.

Hiyo ni miezi tisa imepita. Ana miaka minane. Leseni ya fosta, yaani ya kulea mtoto aliyechukuliwa na kaunti, ilitoka kama miezi mitano iliyopita, baada ya alama za vidole na kukaguliwa nyumba na mafunzo na mpaka kupimwa dirisha la chumba cha kulala, na tangu hapo napata ile pesa ya msingi ya kila mwezi.

Anti huyu mtoto nampenda, ananiita Mama Mkubwa na mimi ndiye mama mkubwa wake kweli, lakini nimechoka. Ana kile kidude kimebandikwa kwa mkono kinachotuma namba za sukari kwa simu yangu, kikilia hata mkiwa mmekufa mtaamka. Juzi kililia saa nane usiku, sukari imeshuka hadi 54. Nikakimbia na juisi, akaipiga teke ikamwagika kwa zulia yote, akaanza kuniita majina ambayo sijui alitolea wapi, ikabidi niende kuleta nyingine nimshike kichwa anywe kidogokidogo. Akishuka hivyo anakuwa mtu mwingine, sawa, hiyo naelewa ni ugonjwa, lakini kuna siku namba iko poa kabisa na bado analipuka. Ametoboa ukuta kwa mguu. Anaficha chakula, nimepata mandazi ndani ya foronya na sukari ya kopo kwa soksi, na akila kwa siri mimi sijui nimpige insulini ya kiasi gani. Shuleni ametoroka mara tatu, mara ya mwisho alipatikana karibu na barabara kubwa.

Nilikuwa CNA, yaani msaidizi wa nesi, nafanya kazi kwa nyumba ya wazee, shifti za usiku na wikendi naunganisha mbili, ndiyo ilikuwa inalipa. Usiku nimeacha, maana nani atasikia hiyo alamu? Bwana yangu ni wa malori, wiki mbili yuko nje siku tatu yuko nyumbani. Kwa hivyo pesa imepungua na matumizi yameongezeka, petroli tu ya kwenda kliniki ya sukari na kwa yule mtaalamu wa hasira ni kitu ingine.

Sasa kuna mama tunasali naye, analea mtoto ambaye hata si ndugu yake, akaniambia yeye huongezewa juu ya ile ya msingi kwa sababu mtoto wake ana mambo mengi. Mimi sikuwa najua kuna kitu kama hicho! Nikamwambia bwana yangu, akakasirika, akasema sisi hatuuzi damu yetu, kwao mtoto wa ndugu analelewa na hakuna mtu anatoa risiti. Na kwa grupu ya familia ya WhatsApp binamu yangu ashaandika "wengine huko majuu wanalipwa kulea mpwa wao" na zile emoji za kucheka. Mamangu akanyamaza tu, na hiyo ndiyo iliniuma.

Yule afisa wa kaunti akija huwa nimepika, nyumba imefagiliwa, ananiuliza mnaendeleaje namjibu tuko sawa. Mwanzoni kabisa alikuja na makaratasi ya maswali mengi nikajibu vilevile, hakuna shida, tunajaribu, tuko sawa. Nilidhani nikisema ni ngumu watamhamisha.

Kwa hivyo maswali yangu, kuomba hiyo nyongeza ni tamaa? Wataniona nimeshindwa wamchukue? Na naanzia wapi? Ah, na kitu kingine lakini si ya maana sana, afisa amesema korti ya mwezi ujao wanataka nipewe ulezi wa kudumu ili kesi ifungwe, kwangu ni kusaini tu. Nesi ananingoja, wacha niingie.

Mama Mkubwa, Minnesota

*

Mama Mkubwa mpendwa,

Wewe dada umeweka moto kwa mstari wa mwisho halafu ukauita "si ya maana sana". Hayo mengine yote tutayafikia, ila wacha nianzie hapo kwa korti, maana hapo ndipo nilipoweka chai yangu chini.

Usisaini kitu cha ulezi wa kudumu kabla mkataba wa malipo haujasainiwa. Narudia kwa sababu nimeona watu wakilia baadaye. Minnesota ina mpango unaitwa Northstar Care for Children, ulianza Januari 2015, na ndani yake kuna msaada wa ndugu wanaochukua ulezi wa kudumu, yaani kesi ikifungwa na wewe ukaacha kuwa fosta pesa haikatiki, inaendelea kwa jina lingine. Lakini mkataba wake lazima uwe umesainiwa na pande zote KABLA hakimu hajatoa amri. Amri ikitangulia, umejifungia mlango na ufunguo uko ndani. Pili, sheria inataka mtoto awe amekaa kwako miezi 6 mfululizo ukiwa na leseni. Wewe unasema leseni ina miezi kama mitano na korti ni mwezi ujao. Umeona hiyo hesabu ilivyokaa? Huenda inatosha kwa siku chache, huenda haitoshi, kwa hivyo mwandikie afisa leo, kwa barua pepe, si kwa simu, muulize wanahesabu miezi 6 kuanzia tarehe gani na mkataba wa Northstar utasainiwa lini. Nakala mpe yule mtetezi wa mtoto aliyeteuliwa na korti. Kama jibu halieleweki omba kesi iahirishwe, na tafuta wakili wa msaada wa sheria, tovuti ya LawHelpMN inaonyesha wa bure walio karibu nawe. Wakili wa kaunti ni wa kaunti, hata akiwa anatabasamu.

Na hili linaungana na swali lako la nyongeza, kwa sababu kiwango alichopimwa mtoto ndicho kinachobebwa kuingia kwa huo mkataba. Ukiingia na kiwango cha "tuko sawa" utatoka na pesa ya "tuko sawa", na kijana ana miaka minane, hapo ni miaka kumi mbele.

Sasa nyongeza yenyewe. Malipo ya Northstar yana tabaka mbili. La chini ni ya msingi inayofuata umri tu, mpango ulipoanza mtoto wa miaka 6 hadi 12 alipangiwa dola 670 kwa mwezi, na viwango huangaliwa upya kila Julai 1, kwa hivyo yako leo iko juu ya hapo. Tabaka la pili ni nyongeza ya ugumu wa malezi, na hiyo ndiyo yule mama wa kanisani anapata. Inapangwa kwa tathmini inaitwa MAPCY, inatoa ngazi za herufi, ya juu kabisa ni Q. Yale makaratasi ya maswali mengi mwanzoni, nina hakika karibu kabisa ndiyo yalikuwa yenyewe, maana hufanywa ndani ya siku 30 mtoto akishafika. Tafuta barua ya kaunti iliyokuja baadaye uone herufi yako. Unajua Wakenya tunavyofungua barua, tunatazama kama ni bili kisha tunairusha juu ya friji.

Kitu ambacho wengi hawajui kuhusu MAPCY ni kwamba haiulizi sana mtoto anaumwa nini. Inauliza wewe mlezi unafanya nini zaidi ya kile mzazi wa mtoto wa miaka minane angefanya kwa kawaida. Unaweza kuwa na barua tano za daktari zenye majina ya Kilatini na upate ngazi ya chini, kwa sababu hakuna mtu aliyeandika kwamba saa nane usiku kuna mwanamke amepiga magoti kwa zulia lililolowa juisi. Wewe mwenyewe umefanya kazi ya CNA, si mlifundishwa kitu ambacho hakijaandikwa hakijafanyika? Kwa wazee wa watu ulikuwa unajaza chati kila shifti, geuza mgonjwa, andika saa. Kwa Baraka umefanya shifti miezi tisa bila chati hata moja.

Kwa hivyo nunua daftari. Usiandike "alikuwa msumbufu leo", hiyo haina uzito. Andika hivi: Jumanne, saa nane na dakika kumi usiku, alamu, 54, akamwaga juisi ya kwanza, ya pili akanywa, nikakaa naye dakika 15 nikapima tena, 81, akalala saa tisa, mimi nililala saa kumi. Alhamisi, nesi wa shule alipiga mara mbili, nilitoka kazini saa tano, sikulipwa masaa matatu. Jumamosi, nilipata mandazi kwa foronya, sukari 310, nilipigia kliniki. Andika na ukuta uliotobolewa, piga picha. Andika maili za kliniki. Wiki tatu hivi zinatosha kuonyesha, na usiongeze chumvi hata kidogo, huna haja, ukweli wako peke yake umenitosha kushindwa kumaliza chai.

Daftari likiwa tayari, andika ombi la tathmini kufanywa upya. Sema mahitaji ya mtoto hayakuelezwa kikamilifu mara ya kwanza na mengine yamejitokeza baadaye, ambayo ni kweli, kutoroka shule na kutoboa ukuta hakukuwepo wiki ya kwanza, watoto wengi wiki za kwanza huwa wapole kama wageni. Omba uwepo wakati inajazwa. Nenda na barua ya kliniki ya sukari, ya yule mtaalamu wa hasira, na ripoti za shule za kutoroka. Jibu likija lije kwa maandishi, na usipokubaliana nalo una haki ya rufaa, siku 30 tangu upate barua, inaweza kufika 90 ukiwa na sababu nzuri ya kuchelewa, na anayesikiliza ni jaji wa jimbo, si bosi wa afisa wako.

Unauliza watakuona umeshindwa? Mimi nimelea watoto wawili wa fosta hapahapa na niliwahi kuwa na ugonjwa wako wa kupika pilau afisa akija. Siku niliyomwambia mmoja wao "jana nililia bafuni" alifungua kompyuta akaanza kuandika, nikasema basi nimekwisha, kumbe anaandika ombi la mtu wa kunipumzisha wikendi mbili kwa mwezi. Kinachowatia wasiwasi ni mlezi aliyeelemewa anayesema yuko sawa, kwa sababu huyo ndiye hupiga simu ghafla usiku mmoja njooni mumchukue. Wazee walisema mficha uchi hazai.

Kuhusu bwana yako, simlaumu, anaongea kama mtu aliyelelewa vizuri. Ila mwelezee hii hadithi akiwa nyumbani na ameshiba. Illinois, mwaka 1969, watoto wanne wa familia moja walitolewa kwao. Baadaye wawili wakapelekwa kwa dada yao mkubwa aliyekuwa ameolewa, jina la familia ni Youakim. Jimbo likasema wewe ni ndugu hatuwezi kukulipa kama fosta, likampa kama dola 63 kwa mwezi kwa kila mtoto wakati mtu baki angepata 105. Wakaenda kortini, kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na Februari 1979 majaji wote walioisikiliza wakakubaliana kwamba pesa ya serikali kuu ya fosta haiwezi kunyimwa nyumba iliyoidhinishwa kwa sababu tu ni ya ndugu. Yaani hili swali la "damu yetu" huku lilishaulizwa na likajibiwa. Na umuulize, kwao huyo mtoto wa ndugu aliyelelewa bila risiti, alikuwa analelewa na mama mmoja aliyeacha shifti, au alikuwa na bibi, na mjomba wa kuleta unga, na shamba, na majirani sita wa kumtafuta akitoroka? Hapa kijiji chako ni kidude cha mkononi na nesi wa shule.

Hiyo pesa haitozwi kodi, IRS haihesabu malipo ya fosta ya aina hii kuwa kipato, ya msingi na ya nyongeza. Sasa ubaya wake, si mshahara, kwa hivyo haikujengei pensheni ya Social Security, usiache kazi yote ukidhani umepata kazi nyingine. Jaribu shifti za mchana akiwa shule, ukishapata mtu wa kusaidia. Na hapo kwa mtu wa kusaidia, Baraka akiwa fosta ana bima ya Medical Assistance, muombee tathmini ya huduma za nyumbani, zile tulizokuwa tukiita PCA, tangu Oktoba 2024 zilianza kuhamia mpango mpya unaoitwa CFSS. Watu wetu wangapi wamefanya hiyo kazi kwa watoto wa wengine, na hatukumbuki kuiomba kwa wetu.

Utasikia pia watu wakikwambia "muombee SSI, ana kisukari atapata tu", yaani ile pesa ya serikali kuu kwa wenye ulemavu na kipato kidogo. Mtoto wa chini ya miaka 6 anayehitaji insulini kila siku huyo njia yake ni rahisi. Akishafika 6 wanaangalia jinsi ugonjwa unavyomzuia kuishi kama wenzake, na kwa Baraka na hizo tabia inaweza kuwa hoja, ila ni safari ndefu na akiwa bado fosta mara nyingi kaunti imekuwa ndiyo ikipokea hiyo pesa kujilipa. Ulizia, lakini isikule nguvu mwezi huu. Mwezi huu ni korti na MAPCY.

Shule, andika barua kuomba mpango rasmi wa mahitaji yake, kisukari na tabia pamoja, kwa sababu mtoto aliye 54 akiitwa mkorofi na kupelekwa ofisini badala ya kupewa juisi anaweza kuanguka hukohuko. Na kile kidude nesi naye anaweza kukifuatilia, uliza kliniki wakuunganishie.

Grupu ya WhatsApp, toka au zima sauti, utachagua. Ukiwa fosta mambo ya kesi ya mtoto ni siri, huna ruhusa ya kuyaeleza hata ungetaka, kwa hivyo mjibu binamu "siruhusiwi kuongea" na umuache na emoji zake. Mama yako ni tofauti. Huyo mpigie, mchana wa Jumapili, umwambie tu usiku unavyokuwa. Nadhani alinyamaza kwa sababu ya binti yake mwingine, si kwa sababu yako, hebu fikiria, mtoto mmoja pombe imemla na mwingine anachekwa kwa kubeba mzigo wa wa kwanza, angeandika nini kwa grupu?

Na dada yako, hukumtaja tena baada ya polisi. Akija kupona atataka kumuona Baraka, na ulezi wa kudumu huwa una mpango wa kumuona mzazi ndani yake, hakikisha wakili anaandika vile mtaweza, si vile mtaonea aibu kukataa.

Barua pepe kwa afisa, leo. Daftari liweke kando ya juisi, kwa ile meza ya karibu na kitanda, alamu ikilia usiku huu mpe anywe kwanza, halafu uandike saa.

Anti